Walijenga Shule, Sisi Tukawapa Jamvi la Msiba

Tuna ugonjwa wa kuwapenda wajane wa mashujaa wakiwa kimya. Siku ya kumbukumbu tunawakalisha safu ya mbele, wanapigwa picha wakifuta machozi, mgeni rasmi anawapa mkono wa pole, kisha msafara unaondoka na vumbi lake. Marehemu anahutubiwa saa nzima. Aliyebaki hai hapewi kipaza sauti hata dakika tano. Na kama katika miaka yote hiyo alianzisha shule, akatafuta walimu, akaomba fedha nchi kwa nchi, akasimamia vitabu na kulea yatima wa vita, yote hayo hayatajwi. Anatajwa aliyemuoa.

Hii ni dhuluma, na mahali pa kuisema ni hapa Mkoa wa Pwani, kati ya Kibaha na Kisarawe, kwa sababu hapa hatuna kisingizio. Kwa Mfipa, Kibaha, imesimama Shule ya Uongozi ya Mwalimu Julius Nyerere. Rais Magufuli aliiwekea jiwe la msingi Julai 2018, Rais Samia akaifungua Februari 2022. Ni ya vyama sita vya ukombozi: CCM, ANC ya Afrika Kusini, FRELIMO ya Msumbiji, MPLA ya Angola, SWAPO ya Namibia na ZANU-PF ya Zimbabwe. Makada wa nchi sita wanakuja kufundwa uongozi kwenye ardhi yetu. Nawauliza wenye dhamana ya shule ile: kada gani anaondoka pale akijua kwamba kimojawapo cha vyama hivyo kilikuwa na sekondari yake katika mkoa huu huu, Bagamoyo, kuanzia 1970? Nani anamwambia kwamba mizizi ya sekondari ile iko kwenye taasisi iliyoongozwa na mwanamke, Kurasini, Dar es Salaam, tangu enzi ambazo FRELIMO haijafyatua risasi hata moja?

Anaitwa Janet Mondlane. Alizaliwa Marekani mwaka 1934, binti wa Illinois, karibu na Chicago. Mwaka 1951, akiwa na miaka 17, alikutana na Eduardo Mondlane kwenye kambi ya vijana wa kanisa huko Wisconsin, Eduardo akiwa msemaji na yeye msikilizaji. Walioana 1956, wakati majimbo mengi ya Marekani yalikuwa bado na sheria za kumfunga mzungu atakayeoana na mtu mweusi. Mume akapata udaktari wa falsafa, akafanya kazi Umoja wa Mataifa, akafundisha chuo kikuu. Wangeweza kukaa huko na watoto wao watatu, wakaishi vizuri, wakatuma salamu za mshikamano kila mwaka. Hawakufanya hivyo. FRELIMO iliundwa Dar es Salaam tarehe 25 Juni 1962, na mwaka 1963 Janet akawa ameshafika mjini hapo.

Tangu hapo simulizi zetu zinamfuata mume peke yake. Zinakwenda naye Kongwa, zinakwenda naye Nachingwea, zinamsindikiza kwenye mikutano na marais. Mke anaachwa mlangoni, na simulizi zinamrudia siku moja tu, tarehe 3 Februari 1969, bomu lilipolipuka. Miaka sita iliyo katikati inafutika. Mimi nataka tuizungumze miaka hiyo sita, maana humo ndimo ilimo kazi yake.

Msumbiji ya Mreno ilikuwa nchi ambayo zaidi ya watu 90 katika kila 100 hawakujua kusoma. Vijana waliovuka mto Ruvuma kuja kwetu walikuja na miguu iliyochubuka na darasa la tatu, wengine bila darasa lolote. Chama kilichotaka kuendesha nchi hakikuwa na makarani, hakikuwa na wauguzi, hakikuwa na walimu. Mtu akisema ukombozi ulikuwa bunduki tu, mwambieni bunduki haihesabu dawa zilizobaki ghalani wala haiandiki barua kwa Kamati ya Ukombozi ya Umoja wa Nchi Huru za Afrika. Janet aliliona tatizo hilo akaanza nalo. Taasisi ya Msumbiji ilianza Kurasini kama mahali pa kulala na kusoma kwa vijana wakimbizi. Ikawa sekondari. Ikaongeza mafunzo ya uuguzi. Mkono wake ukafika kusini, Tunduru, kwenye shule ya watoto waliopoteza wazazi vitani, na Mtwara, kwenye hospitali ya Dkt. Américo Boavida iliyowapokea majeruhi kutoka ng'ambo ya Ruvuma. Mkurugenzi wa yote hayo alikuwa Janet, mwanamke ambaye hakuwa amefikisha miaka 30 alipoanza.

Na fedha? Hapa naomba wanasiasa wetu wasome polepole. Fedha za mwanzo zilitoka Marekani, kwa Wakfu wa Ford. Ureno, mshirika wa Marekani katika NATO, ikalalamika Washington, na bomba likafungwa. Mkurugenzi mwingine angeandika ripoti ya kusikitika na kufunga mabweni. Janet akageukia Ulaya ya kaskazini, kanisa kwa kanisa, kamati kwa kamati, serikali kwa serikali, na kuanzia 1965 Serikali ya Uswidi ikaanza kuisaidia taasisi yake. Pimeni uzito wa jambo hilo. Serikali ya Ulaya Magharibi ilikuwa inatoa fedha kwa watu waliokuwa vitani na serikali nyingine ya Ulaya Magharibi, na mlango ulioitolea njia ulikuwa shule. Hakuna aliyeweza kusimama hadharani na kusema mtoto yatima asifundishwe hesabu. Huo ulikuwa ujuzi wa kisiasa wa kiwango cha juu kabisa, na hatujaupa hata ukurasa mmoja.

Watu wa Kibaha wanapaswa kuuelewa ujuzi huo kuliko wengine, kwa sababu sisi tumekula matunda ya mti uleule. Katika miaka hiyohiyo, kilomita 40 hivi kutoka Dar es Salaam, Uswidi, Norwe, Denmaki na Ufini zilikuwa zinajenga mradi wa Nordiki wa Tanganyika pale Tumbi: sekondari, kituo cha afya, kituo cha mafunzo ya wakulima. Januari 1970 mradi ukakabidhiwa kwa Serikali yetu, na leo tunauita Shirika la Elimu Kibaha. Fikra iliyoujenga ilikuwa kwamba darasa, zahanati na shamba ni kitu kimoja. Kurasini nako kulikuwa na darasa na uuguzi, na shamba ndilo lililokuwa likipiganiwa vitani. Lakini mzee wa Tumbi anaweza kukusimulia habari za Wanordiki hadi kiza kiingie, asijue kwamba barabara hiyohiyo ya Morogoro iliwahi kuongoza kwenye mji ambako mwanamke mmoja aliwagongea Wanordiki haohao mlango, kwa ajili ya watoto ambao hawakuwa hata raia wa nchi hii.

Kuna binti mmoja wa taasisi ile ambaye Msumbiji nzima inamjua. Josina Muthemba alitoroka nchini kwake, akafungwa, akatoroka tena, akafika Dar es Salaam mwaka 1965. Kazi yake ya kwanza ilikuwa pale kwenye taasisi, akimsaidia Janet. Kutoka pale akaingia jeshini, akaongoza kazi ya wanawake na kuwalea watoto wa vita, akaolewa na Samora Machel, akafariki Dar es Salaam tarehe 7 Aprili 1971 akiwa na miaka 25. Tarehe hiyo leo ni Siku ya Mwanamke wa Msumbiji. Shujaa huyo wa taifa hakuota kama uyoga. Alipokewa, akapewa dawati na kazi na watu waliomwona mwanadamu kabla hajawa sanamu. Tukimtaja Josina bila kutaja nyumba aliyopokewa, tunawafundisha mabinti wetu kwamba mashujaa hujiumba wenyewe, nao wakishindwa kujiumba wanadhani kosa ni lao.

Sasa nije kwenye mwaka 1968, maana sitaki kumpamba mtu. Mwezi Machi mwaka huo wanafunzi wa Kurasini walichachamaa. Uongozi wa FRELIMO ulikuwa unadai kwamba aliyesomeshwa arudi ndani ya nchi kupigana na kufundisha. Wanafunzi wengi walitaka kuendelea na masomo nje, wapate shahada, warudi baadaye. Padri Mateus Gwenjere, Mmsumbiji mwenye ulimi mkali, akawaunga mkono na kuongeza lake: chuoni kuna walimu weupe wengi mno, na mke wa rais wa chama ni mzungu. Mabweni yakaingia ghasia, shule ikafungwa. Mwezi Mei ofisi za FRELIMO mjini zikavamiwa na mtu akauawa, Mateus Sansão Muthemba, ndugu wa Josina. Serikali yetu ikawaondoa nchini baadhi ya walimu weupe.

Nasema wazi ninavyoliona jambo hili. Wanafunzi walikuwa na hoja. Kijana wa miaka 18 aliyekimbia ukatili wa Mreno ana haki ya kuogopa kurudishwa, na shule isiyosikiliza woga wa mwanafunzi wake imeanza kuwa kambi. Lakini hoja ya rangi ilikuwa sumu, na iliwafaa sana maadui wa Msumbiji. Na swali lenyewe, kwamba elimu ya umma ni ngazi ya mtu kupandia akawaacha wenzake au ni deni analolipa kwa wenzake, ndilo swali kubwa kuliko yote ambalo shule ya uongozi inaweza kumuuliza kada. Nyerere alikuwa ameliuliza mwaka mmoja tu kabla, katika Elimu ya Kujitegemea. Kurasini liliulizwa kwa mawe na damu. Janet alikuwa katikati yake, akatukanwa kwa rangi yake na kwa ndoa yake, na hakukimbia.

Miezi michache baadaye wakamuua mumewe. Kifurushi cha kitabu kilifika kwa posta, ndani kikiwa na bomu. Eduardo alikifungua tarehe 3 Februari 1969 katika nyumba ya ufukweni, Dar es Salaam, akafa papo hapo. Akazikwa katika ardhi yetu.

Fikirieni hali ya mwanamke huyo asubuhi ya siku iliyofuata maziko. Ana umri wa miaka thelathini na kitu. Ana watoto watatu. Shule yake imefungwa. Chama cha mumewe kinagombana chenyewe kwa chenyewe nani aongoze. Nusu ya mji inanong'ona kwamba mzungu afungashe aende kwao. Pasipoti ya Marekani anayo. Hakuna mtu duniani angemlaumu kama angepanda ndege.

Alibaki. Taasisi ikaendelea, sekondari ikafunguliwa upya Bagamoyo mwaka 1970, fedha za kaskazini zikaendelea kuja, tena zikaongezeka, na vitabu vya watoto wa Msumbiji vikaendelea kuandaliwa kwenye ardhi ya Tanzania hadi bendera ya Mreno iliposhushwa. Kitabu kilikuwa kimemuua mumewe na yeye akaendelea kutengeneza vitabu. Msumbiji ilipopata uhuru tarehe 25 Juni 1975 alihamia huko. Akaliongoza Shirika la Msalaba Mwekundu la nchi hiyo, na alipokuwa mtu mzima wa miaka sitini na ushee akapewa kazi ya kuongoza sekretarieti ya Baraza la Taifa la kupambana na UKIMWI. Huyo ndiye mtu tuliyemweka kwenye safu ya mbele ili alie.

Nitaambiwa, kama ambavyo huambiwa kila anayeleta habari hizi: lakini huyo ni mzungu, kwa nini kalamu ya Mswahili imwagike kwa ajili yake? Nalijibu hilo bila kukwepa. Kwanza, Gwenjere alishatoa hoja hiyo 1968 na tuliona ilikotupeleka. Pili, kama ni rangi tu inayowasumbua, nina mwingine, mweusi kuliko kalamu hii, naye tumemtendea vilevile.

Patricia Rodney aliishi Dar es Salaam na mumewe Walter wakati Walter akifundisha historia pale Chuo Kikuu, Mlimani, kipindi kirefu kikiwa 1969 hadi 1974. Mwaka 1972 Tanzania Publishing House ilishiriki kuchapisha kitabu chake cha jinsi Ulaya ilivyoididimiza Afrika, na hakuna msomi wa kizazi kile asiyekitaja. Patricia alikuwa muuguzi na mkunga. Usiku wa tarehe 13 Juni 1980, Georgetown, Guyana, Walter aliuawa na bomu lililotegwa ndani ya redio ya mawasiliano. Mjane akabaki na watoto watatu na serikali iliyomchukia. Akaondoka, akarudi shuleni, akasoma mpaka udaktari wa falsafa Toronto, akawa mwalimu wa afya ya jamii katika Chuo cha Tiba cha Morehouse, Atlanta, na huko akaiongoza programu ya shahada ya uzamili ya fani hiyo. Wauguzi na maofisa wa afya kizazi baada ya kizazi wamepita mikononi mwake.

Na wakati wote huo akidai haki. Cheti cha kifo cha Walter Rodney kilikuwa kimeandikwa kwamba marehemu hakuwa na kazi. Profesa aliyefundisha Mlimani, mwandishi anayesomwa mabara yote, hana kazi! Tume ya uchunguzi ilitoa ripoti 2016 na kuona mkono wa dola katika mauaji yale, na mwaka 2021 cheti kikasahihishwa: profesa, na aliuawa. Miaka 41 familia ilidai maneno mawili matatu kwenye karatasi ya serikali. Mlimani kuna mihadhara mingi juu ya Walter. Nani ametuandalia mmoja juu ya Patricia, na jinsi mkunga aliyeishi kati yetu alivyougeuza msiba kuwa darasa?

Na Betty Shabazz, mjane wa Malcolm X, ambaye mumewe alipita Dar es Salaam Oktoba 1964 akakutana na Nyerere na waziri Abdulrahman Babu. Mumewe aliuawa mbele ya macho yake Februari 1965, yeye Betty akiwa na mabinti wanne na mimba ya mapacha. Miaka kumi baadaye alikuwa na shahada ya udaktari katika elimu, na mwaka 1976 akaanza kufundisha sayansi ya afya katika chuo cha Brooklyn chenye jina la Medgar Evers, mpigania haki mwingine aliyeuawa. Muuguzi na yeye. Wanawake watatu, mabomu mawili na risasi, na wote watatu njia yao ikapitia darasani.

Msinijibu kwamba walibebwa na majina ya waume zao. Jina la shujaa aliyeuawa ni mzigo. Linakuletea majasusi mlangoni, linakuletea jamaa wanaotaka kukusemea, linakuletea chama kinachotaka uidhinishe kila kinachofanya. Chama kinampenda mjane anayenyamaza kwa sababu mjane anayenyamaza anatia saini kila karatasi. Anayefundisha ana wanafunzi, na wanafunzi huuliza maswali.

Tazameni pia tunavyogawa heshima. Nyerere alifundisha Tabora, akafundisha Pugu, kilima kwa kilima na Kisarawe, akaacha kazi 1955 kwa sababu ya siasa. Miaka ile michache ya chaki imempa jina ambalo atakuwa nalo mpaka mwisho wa dunia, Mwalimu, na analistahili. Lakini mwanamke aliyeongoza shule, akaisimamisha ilipoanguka, akaisimamisha tena akiwa na nguo za msiba, tunamwita mke. Kipimo kimoja kwa mwanaume, kingine kwa mwanamke.

Kisarawe kuna sekondari ya wasichana iliyopewa jina la Jokate Mwegelo, aliyekuwa mkuu wa wilaya hiyo na aliyepigania ijengwe. Siwezi kumnyima sifa yake. Alichangisha, alihangaika, kampeni yake ya kutokomeza sifuri wilayani ilizaa madarasa, na shule ya bweni kwa msichana wa Kisarawe anayetembea msituni kwenda kusoma ni jambo la kuokoa maisha. Ninachokipinga ni mazoea ya nchi nzima: kila jengo jipya linatafutiwa jina kati ya walioko madarakani siku ya uzinduzi. Mkuu wa mkoa, waziri, mbunge, rais. Ukutani hakuna nafasi ya aliyefundisha. Minaki, iliyohamishiwa Kisarawe miaka ya 1920 na wamisheni kutoka Zanzibar, kwa miongo mingi imetoa walimu wa kiume ambao vijiji vya pwani vinawakumbuka kwa majina. Wake zao na wajane wao waliofundisha watoto wa mtaa kusoma chini ya mwembe hawamo hata kwenye ukuta wa choo.

Na tusidhani haya ni ya historia tu. Mjane wa Maneromango, huko Kisarawe, hana bomu katika hadithi yake. Mumewe alikufa kwa malaria, au kwa pikipiki barabarani. Lakini anachofanyiwa kinatoka kwenye fikra ileile, kwamba mwanamke akifiwa amekuwa mabaki ya mtu mwingine. Dar es Salaam inafurika kuja kwetu, reli ya kisasa inapita Soga na Ruvu, viwanja Kibaha vinauzwa kama njugu, na shamba la mikorosho ambalo jana halikuwa na bei leo lina madalali watatu. Anayeondolewa kwanza ni mjane. Wengi wetu huku ni Waislamu, na dini imempa mjane mwenye watoto thumni yake, imeandikwa, haina mjadala. Nani amewahi kumwona shemeji akiipima thumni hiyo kwa futi shambani? Wazaramo wana asili ya kurithi upande wa mama. Mbona siku ya kuuza shamba upande wa baba ndio wenye mihuri?

Sheria ipo. Sheria ya Ndoa ya 1971 inampa mjane uhuru wa kuishi anapotaka, na kuolewa na amtakaye au kutoolewa kabisa. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 inabatilisha mila inayomnyima mwanamke ardhi. Lakini tamko la sheria za kimila la 1963, linalosema mjane hana fungu katika urithi iwapo marehemu ameacha jamaa wa ukoo wake, halijafutwa. Washonaji wawili wa Shinyanga, wajane, walilipeleka mahakamani. Mahakama Kuu mwaka 2006 ikakiri kwamba ni ubaguzi, ikakataa kulifuta. Mahakama ya Rufani mwaka 2010 ikaitupa rufaa yao kwa kasoro ya karatasi. Mwaka 2015 Kamati ya Umoja wa Mataifa inayosimamia haki za wanawake ikasema Tanzania imewakosea wanawake wale. Sheria iliyotungwa mwaka uleule Janet Mondlane alipofika Dar es Salaam kuwafundisha watoto wa wengine bado inamwambia mjane wa Kitanzania kwamba fungu lake ni kutunzwa na wanawe.

Pale ninapoona tumaini ni mahali ambapo wakubwa hawapigi picha. Mwaka 1975, kwa kuiga vyuo vya umma vya Uswidi, Serikali ilianzisha Vyuo vya Maendeleo ya Wananchi. Viko zaidi ya 50 nchini. Kimoja kiko Kibaha, kingine Kisarawe. Humo mtu mzima anaingia bila kuulizwa alifeli lini. Binti aliyekatishwa shule na mimba anarudi, tena humo alikuwa anarudi hata katika miaka ile ya giza iliyofuata tamko la Rais Magufuli la 2017, lililotolewa hapahapa mkoani Pwani, kwamba mwenye mimba hatarudi darasani, mpaka waraka wa Novemba 2021 ulipofungua mlango. Mjane anajifunza ushonaji, umeme, upishi, uhasibu wa duka. Hivyo ndivyo Kurasini ilivyofanya kwa vijana waliovuka Ruvuma. Lakini vyuo hivi vinaishi kwa bajeti ya kubahatisha, na karakana zao nyingi zinadai mashine ambazo kiwanda kilicho mbele ya geti kingeziona za kizamani.

Basi madai yangu haya hapa, na nitayarudia hadi yatekelezwe. Wizara ya Elimu imeleta somo la Historia ya Tanzania na Maadili, na somo hilo lazima liwe na Kurasini: taasisi, mkurugenzi wake, mgogoro wa Machi 1968 na Bagamoyo ya 1970, kwa sababu yalitokea kwetu. Halmashauri za Kibaha na Kisarawe zitenge kwa vyuo viwili vile nafasi za wajane kila mwaka, ada ikilipwa na mapato ya viwanja ambavyo halmashauri hizohizo zinapima kwenye mashamba ya wajane. Bunge lifute tamko la 1963 lote, bila kuunda kamati ya kulitafakari.

Na Kwa Mfipa pawe na somo la uongozi linaloanza na swali la wanafunzi wa Kurasini: msomi anamdai nani, na nani anamdai yeye? Makada wajibu wakiwa wamesimama, mmoja mmoja, mbele ya wanawake wa Kibaha walioalikwa kuwasikiliza na kuwahoji. FRELIMO ina viti vyake katika shule ile. Ianze yenyewe, muhula huu.